Mashine ya fotokopi inapogoma kutuma barua pepe

KATIKA ofisi nyingi ndogo za Dar es Salaam, Arusha na Mombasa, mashine ya fotokopi imekuwa pia tarishi. Wakala wa forodha huweka kwenye kioo chake ankara na hati za shehena, akabonyeza jina la mteja kwenye skrini, na baada ya dakika moja nyaraka hizo zinasomwa na mteja aliyeko Lubumbashi au Kigali. Wakili hutuma hati ya kiapo kwa njia hiyo hiyo, na mkandarasi hutuma zabuni saa chache kabla ya muda kufungwa.

Huduma hiyo huonekana nyepesi mpaka siku inapokatika. Mashine hupokea karatasi na kuisoma kama kawaida, kisha hutoa ripoti fupi kwamba imeshindwa kuunganishwa na seva. Karani hurudia mara tatu, mara nne, huzima na kuwasha, mwishowe huitwa fundi. Fundi naye mara nyingi huomba kitu ambacho wenye ofisi wengi hukitoa bila kusita, nacho ni neno la siri la barua pepe ya mkurugenzi.

Ombi hilo ndilo linalostahili kutazamwa kwa makini. Mara nyingi mashine yenyewe ni nzima, ila kampuni zinazohudumia barua pepe zimebadili namna ya kumtambua anayetuma. Dawa inayotolewa kwa haraka huweza kuiacha ofisi katika hatari kubwa kuliko hasara ya kukosa skani kwa siku mbili.

Tarishi asiye na posta

Mashine ya fotokopi haina posta yake. Huchukua picha ya karatasi, huigeuza kuwa faili la PDF, huiambatanisha na barua pepe na kuipeleka kwenye seva ya barua, ambayo ndiyo huifikisha kwa mpokeaji. Ofisi ndogo kwa kawaida haina seva ya namna hiyo. Hutumia ya Google, ya Microsoft, au ya kampuni iliyowauzia tovuti.

Mashine na seva huzungumza kwa utaratibu uitwao SMTP, ambao kanuni zake ziliandikwa na Mmarekani Jon Postel mwezi Agosti 1982, wakati mtandao ulikuwa wa vyuo na taasisi chache za utafiti zilizofahamiana. Katika kanuni hizo za awali hapakuwa na mahali pa kumwuliza mtumaji neno la siri. Aliyebisha hodi alifunguliwa.

Ukarimu huo ulikuja kutumiwa vibaya na watuma barua taka. Mwaka 1998 ukatengwa mlango maalumu, namba 587, kwa ajili ya watumaji wa kawaida wanaopeleka barua zao kwenye seva, tofauti na mlango namba 25 ambao seva hutumia kupelekeana barua zenyewe kwa zenyewe. Kampuni nyingi za intaneti huzuia mlango namba 25 kwa wateja wa kawaida. Ndiyo maana mashine iliyopangwa kwa namba hiyo huweza kufanya kazi katika ofisi moja na kugoma ikihamishiwa mtaa wa pili.

Kwa miaka mingi kujitambulisha kulimaanisha jina na neno la siri tu. Fundi aliyajaza mara moja, mashine ikayakumbuka, watu wakasahau. Hata hivyo, neno la siri peke yake huibwa kirahisi, na kampuni kubwa zimeanza kulikataa. Google ilifunga njia hiyo kwa akaunti za kawaida za Gmail Mei 30, 2022, na mwaka 2025 ikaifunga kwa ofisi zinazolipia huduma yake ya Workspace.

Microsoft ilianza kuizima Oktoba 2022 katika sehemu kubwa ya huduma yake ya barua kwa makampuni, na Septemba 16, 2024 ikaizima kwa akaunti binafsi za Outlook. Kwa makampuni, mlango unaotumiwa na mashine za skani uliachwa wazi kwa muda zaidi, na tarehe ya kuufunga imeahirishwa zaidi ya mara moja. Ofisi inayotegemea maahirisho hayo inajenga juu ya mchanga.

Kwa hiyo mashine iliyotuma vyema Ijumaa inaweza kukataliwa Jumatatu bila mtu yeyote ofisini kugusa kitu.

Ufunguo wa mkurugenzi kwenye korido

Fundi anayeomba neno la siri la mkurugenzi si lazima awe na nia mbaya. Amelipwa kwa ziara moja, ana mashine nyingine mbili za kuzitazama kabla ya jioni, na akaunti ya mkurugenzi ndiyo anayojua kwa hakika kuwa inafanya kazi. Tatizo ni mahali neno hilo linapokwenda kukaa.

Mashine ya kisasa ya fotokopi, iwe Canon, Ricoh, Kyocera, Sharp au Konica Minolta, ni kompyuta kamili. Ina kumbukumbu, ina anwani yake kwenye mtandao wa ofisi, na ina ukurasa wa mipangilio unaofunguka kwenye kompyuta yoyote iliyo ndani ya mtandao huo. Ukurasa huo hulindwa kwa neno la siri la msimamizi. Katika ofisi nyingi neno hilo ni lile lililotoka na mashine kiwandani, na kwa mashine nyingi za miaka ya nyuma limechapwa katika kitabu cha maelekezo ambacho yeyote anaweza kukipata mtandaoni.

Aliyekwisha kuingia humo hahitaji hata kuliona neno la siri la barua pepe, ambalo kwa kawaida hufichwa kwa nukta. Hubadili tu anwani ya seva. Mahali palipoandikwa seva ya Google au Microsoft, huandika anwani ya kompyuta yake mwenyewe, kisha hubonyeza kitufe cha kujaribu. Mashine kwa utiifu wake hubisha hodi kwenye kompyuta hiyo na kujitambulisha kwa jina na neno la siri.

Mashine zilizotengenezwa kwa uangalifu hudai neno la siri upya anwani ya seva inapobadilishwa, lakini si zote. Mbinu hii imejulikana kwa zaidi ya miaka kumi, na bado Februari 2025 kampuni ya usalama wa mitandao ya Rapid7 ilitangaza udhaifu wa aina hiyo katika mashine za chapa moja kubwa.

Anayeweza kuufikia mtandao wa ofisi si lazima awe mtaalamu aliyeko ng'ambo. Ni mteja aliyekaa mapokezi na kupewa Wi-Fi ile ile inayotumiwa na mashine, au kijana wa mafunzo kwa vitendo aliyeondoka kwa manung'uniko mwezi uliopita.

Akilipata neno la siri la mkurugenzi hapati skani pekee. Anapata barua zote: bei walizopewa wateja, mazungumzo na benki, ankara zinazosubiri malipo. Wizi unaoziumiza sana biashara ndogo ni ule wa mtu kukaa kimya ndani ya sanduku la barua, akasubiri ankara halisi itumwe, kisha akamwandikia mteja kutoka anwani ile ile kwamba akaunti ya benki imebadilika. Mteja hulipa kwa nia njema. Mzigo umeshaondoka bandarini, fedha zimekwenda kusikojulikana, na watu waliofanya biashara pamoja kwa miaka kumi wanabaki kutiliana shaka kuhusu nani alipe.

Yote hayo yanaweza kuanzia kwenye mashine iliyowekwa korido kwa sababu haikupata nafasi ndani.

Akaunti ya mashine peke yake

Njia iliyo salama haina gharama kubwa, ila inahitaji nusu saa ya subira. Ofisi hufungua akaunti ya barua pepe kwa ajili ya mashine tu. Akaunti hiyo haipokei barua za wateja, haina mazungumzo ya benki na haitumiki kufungulia huduma nyingine yoyote. Ikivuja, hasara huwa na mpaka. Inafaa pia kusafisha kila baada ya muda folda ya barua zilizotumwa, kwa kuwa Gmail huhifadhi humo nakala za barua zinazopitia seva yake.

Kwa anayetumia Gmail, kazi huanza kwa kuiwekea akaunti hiyo uthibitisho wa hatua mbili, kwa sababu bila huo Google hairuhusu kutengeneza neno la siri la programu. Neno hilo lina herufi 16 zinazotungwa na Google yenyewe. Huonyeshwa mara moja, na ndilo linaloandikwa kwenye mashine badala ya neno kuu la akaunti.

Seva ni smtp.gmail.com. Mlango ni 587 kwa mashine iliyopangwa kutumia STARTTLS, au 465 kwa ile inayofunga mazungumzo kwa fumbo tangu mwanzo, na kuchanganya viwili hivyo ni kosa la kila siku. Jina la mtumiaji ni anwani nzima ya barua pepe, na mahali pa mtumaji paandikwe anwani hiyo hiyo. Wengi hukwama hapo. Huweka anwani ya mkurugenzi ili barua ipendeze kwa mteja, na seva ya Microsoft, kwa mfano, huikataa barua yenye mtumaji ambaye akaunti iliyofungua mlango haikupewa ruhusa ya kumtumia.

Namba ya simu inayopokea uthibitisho iwe ya ofisi. Fundi anayetaka kumaliza haraka huweka ya kwake, na miaka miwili baadaye, ofisi inapotaka kubadili jambo dogo, ufunguo uko mfukoni mwa mtu aliyekwisha kuhamia Mwanza.

Aidha, Google hufuta maneno ya siri ya programu pale neno kuu la akaunti linapobadilishwa. Karani anayelibadili kwa nia njema ya usalama hujikuta ameikata mashine, na hakuna anayehusisha mambo hayo mawili.

Kwa barua za Microsoft za makampuni, seva ni smtp.office365.com kwa mlango 587, na msimamizi anapaswa kuruhusu SMTP kwa akaunti ile moja ya mashine, si kwa ofisi nzima. Mashine mpya zaidi hujitambulisha kwa utaratibu wa OAuth, ambapo mwenye akaunti huidhinisha mashine mara moja, nayo hupewa hati ya kielektroniki badala ya kutunza neno la siri. Huko ndiko kampuni zote kubwa zinakoelekea. Anayenunua mashine leo hana budi kuuliza kama inaweza OAuth ya Google na ya Microsoft kabla hajauliza inatoa kurasa ngapi kwa dakika.

Ipo pia njia ya seva kuitambua ofisi kwa namba yake ya intaneti, bila neno la siri. Ni njia nzuri kwa ofisi yenye namba ya kudumu. Ofisi nyingi ndogo, hata hivyo, hutumia ruta ya kampuni ya simu ambayo namba yake hubadilika au hutumiwa na wateja wengi kwa pamoja, na hapo njia hiyo haifai.

Mashine zilizotumika ng'ambo

Maduka ya Kariakoo huuza mashine zilizokwisha kutumika ng'ambo, nyingi zikiwa bado na nguvu ya kutoa nakala kwa miaka. Udhaifu wake huonekana kwenye barua pepe. Mazungumzo na seva hulindwa kwa fumbo liitwalo TLS, na matoleo yake 1.0 na 1.1 yalitangazwa rasmi kuwa yamepitwa na wakati Machi 2021. Mashine isiyojua toleo la 1.2 kwa kawaida hukataliwa na seva za Microsoft, hata kama neno la siri ni sahihi kwa kila herufi.

Wakati mwingine kusasisha programu ya ndani ya mashine hutatua jambo. Ikishindikana, mashine ipangwe kutuma skani kwenye folda ya kompyuta mojawapo ya ofisi, na karani aitume kutoka hapo. Hapa pia kuna mtego, kwani mashine kuukuu huifikia folda hiyo kwa SMB toleo la kwanza, ambalo Windows 10 iliacha kuliweka yenyewe tangu toleo lake la Oktoba 2017. Kulirudisha kwa ajili ya skani ni kufungua tena mlango ambao kirusi cha WannaCry kilipitia Mei 2017 kilipozikumba kompyuta za nchi nyingi. Heri kutumia flashi.

Saa, ruta na uzito

Kabla ya kulaumu neno la siri, fundi mwangalifu hutazama saa ya mashine. Umeme ukikatika mara kwa mara na betri ndogo ya ndani ikaisha, saa hurudi nyuma miaka mingi. Seva hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Mashine inayodhani huu ni mwaka 2008 hukiona cheti hicho kuwa hakijaanza kutumika, na mashine inayokagua vyeti hukataa kuendelea.

Ruta mpya nayo huleta utata. Ofisi ikibadili kampuni ya intaneti, mashine iliyopangiwa namba za kudumu hubaki ikitafuta njia ya zamani. Itatoa nakala bila shida, lakini haijui smtp.gmail.com iko wapi kwa kuwa haifikii tena DNS, yaani kitabu cha anwani cha intaneti.

Kisha kuna uzito wa faili. Ukurasa wa A4 uliosomwa kwa nukta 300 kwa inchi una nukta 2,480 kwa 3,508, karibu milioni 8.7. Kwa rangi kamili kila nukta huchukua baiti tatu, hivyo ukurasa huo mmoja una megabaiti 26 kabla ya kubanwa. Kwa nyeusi na nyeupe tupu ni takriban megabaiti moja. Gmail kwa kawaida hairuhusu kutuma viambatanisho vinavyozidi megabaiti 25, na faili linapogeuzwa ili lisafiri kwa barua pepe huongezeka kwa karibu theluthi. Kwa usalama, faili lenyewe lisizidi megabaiti 18.

Mkataba wa kurasa 40 wa maandishi matupu hauhitaji rangi wala nukta 600. Nukta 200 nyeusi na nyeupe zatosha kusomeka, isipokuwa pale mpokeaji anapotaka kuuona muhuri wa bluu ukiwa wa bluu. Hapo ukurasa wenye muhuri uskaniwe peke yake.

Kinachobaki ndani ya mashine

Mashine nyingi kubwa za ofisi zina diski, na kinachopita huweza kubaki humo. Mwaka 2010 kituo cha televisheni cha CBS nchini Marekani kilinunua mashine nne zilizotumika na kukuta ndani yake nyaraka za polisi na kumbukumbu za wagonjwa. Mojawapo ilikuwa imekodiwa na kampuni ya bima ya afya ya Affinity Health Plan ya New York. Agosti 2013 kampuni hiyo ilikubali kuilipa wizara ya afya ya nchi hiyo dola 1,215,780. Ilikuwa imekadiria kuwa taarifa za watu wasiozidi 344,579 huenda ziliathirika.

Ofisi ndogo ya Dar es Salaam haina wateja laki tatu, lakini ina nakala za vitambulisho vya taifa, pasipoti, hati za viwanja na taarifa za benki. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Zote mbili humtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na nakala ya kitambulisho iliyopita kwenye skana ni taarifa hizo.

Kwa hiyo mashine inapouzwa, kurudishwa kwa aliyeikodisha au kuchukuliwa na duka kama sehemu ya malipo ya mpya, data zake zifutwe kwa amri iliyomo kwenye mipangilio, pamoja na kitabu cha anwani na akaunti ya barua. Anayenunua iliyotumika naye afanye hivyo siku ya kwanza, kabla hajaingiza chochote chake.

Kuna faida nyingine ya mashine kuwa na anwani yake moja inayojulikana. Mwaka 2017 wasambazaji wa kirusi cha Locky, kinachofunga mafaili na kudai fidia, walituma barua zilizojifanya kuwa skani kutoka kwa mashine ya ofisi. Katika ofisi ambako kila mtu anaifahamu anwani ya mashine, barua ya namna hiyo kutoka anwani nyingine huzua maswali kabla ya kufunguliwa.

Kazi ikimalizika, fundi afanye majaribio mawili mbele ya mwenye ofisi: skani moja iende kwa mtu wa ndani, nyingine kwa mtu wa nje mwenye Gmail. Tangu Februari 2024 Google huzitaka barua zote zinazoingia Gmail zithibitishwe kwa SPF au DKIM, yaani kumbukumbu zinazoonyesha kuwa seva iliyotuma imeruhusiwa na mwenye jina la tovuti. Ofisi yenye jina lake la tovuti lakini isiyo na kumbukumbu hizo huweza kupata skani zake za ndani vizuri, huku za wateja zikiishia kwenye barua taka au zikirudishwa. Baada ya hapo neno la siri la msimamizi libadilishwe, ukurasa wa mipangilio uchapwe, na karatasi hiyo ihifadhiwe pamoja na risiti ya mashine.